Kazi ya Serikali Baada ya Kuvua Sare: Haki Ipo, Karatasi Ndizo Zinazotuangusha

Hotuba kwa maveterani wenye asili ya Afrika Mashariki na Kongo pamoja na familia zao, Texas, Marekani

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu mliowatoa watoto wenu wakaenda jeshini, mkabaki mnakesha mkiomba, shikamooni. Kaka na dada zangu mliovua sare, na nyinyi mnaojiandaa kuivua, karibuni sana.

Nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo lililonileta. Humu ukumbini wamo watu waliokaa jeshini miaka minane, wengine ishirini. Wamepakia ndege usiku wa manane, wametengeneza magari ya deraya jangwani, wamewafunga majeruhi vidonda. Leo baadhi yao wanaendesha teksi, baadhi wanabeba maboksi kwenye maghala, na wengine wanaunganisha zamu mbili za usiku kwenye nyumba za kulelea wazee. Kazi ni kazi, na simdharau mtu anayeamka alfajiri kutafutia wanawe chakula. Kinachoniuma ni mtu kubeba maboksi kwa sababu tu hakuna aliyemwambia kwamba sheria ya nchi hii imemtengea nafasi ya mbele anapoomba kazi serikalini.

Mimi nilikuwa askari wa ugavi. Sasa kazi yangu ni kupitia maombi ya ajira katika idara moja ya serikali ya shirikisho. Majina ya kwetu nayaona: Mwangi, Mushi, Otieno, Juma, Kabongo. Nayaona yakiingia, na nayaona yakienguliwa. Nawaambia kwa uchungu kwamba mengi hayaenguliwi kwa kukosa uwezo. Yanaenguliwa kwa karatasi moja iliyosahaulika.

Sheria ya kuwatanguliza maveterani katika ajira za serikali ya shirikisho ilitiwa saini na Rais Franklin Roosevelt tarehe 27 Juni 1944, wiki tatu baada ya majeshi kushuka Normandy. Vita vilikuwa havijaisha, lakini walishaanza kuwaza habari za watakaorudi. Mwaka huohuo babu zetu wa King's African Rifles, kikosi cha Waingereza cha askari wa Afrika Mashariki, walikuwa Burma, kwenye bonde la Kabaw, wakipigana ndani ya matope na malaria. Waliporudi hawakukuta sheria ya namna hii. Kule Kenya wanajeshi wazungu walikuwa wameshagawiwa mashamba baada ya Vita vya Kwanza, kwa mpango wa 1919, na baada ya Vita vya Pili walowezi wakafunguliwa tena mpango wa ardhi. Askari mweusi aliyetoka Burma alirudi akakuta kipande kinamngoja, kile cheti cha utambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho. Nayasema haya kwa sababu wajukuu wa watu hao mmekaa hapa mbele yangu, na nyinyi haki yenu imeandikwa, ina namba na ina vifungu. Msiiache ikalala.

Sasa tuelewane haki yenyewe ni ipi, maana nimesikia mengi mitaani. Sheria haisemi upewe kazi. Inasema kwamba serikali inapoajiri kwa ushindani kutoka nje, wewe uliyetimiza masharti utangulizwe. Panapotolewa alama, unaongezewa pointi 5 au pointi 10 juu ya zile ulizopata. Idara nyingine haziongezi pointi. Zinawagawa waombaji katika makundi ya ubora, na ndani ya kila kundi veterani mwenye haki anatajwa kabla ya asiye nayo, wala meneja hawezi kumruka kimyakimya. Mwenye ulemavu uliotokana na utumishi, unaolipwa fidia kuanzia asilimia 10, akitimiza tu sifa za chini za kazi hiyo anapandishwa hadi kundi la juu kabisa, isipokuwa kwa kazi za kitaalamu na za kisayansi kuanzia daraja la GS-9, yaani ngazi ya tisa ya mishahara ya watumishi wa shirikisho.

Lakini nani ametimiza masharti? Hapa vijana wetu ndipo wanapopotea. Si kila aliyevaa sare ana pointi 5. Waliohudumu zaidi ya siku 180 mfululizo, sehemu yoyote ya siku hizo ikiwa kati ya tarehe 11 Septemba 2001 na tarehe 31 Agosti 2010, wanazo. Waliopelekwa kwenye operesheni zilizotolewa medali ya kampeni, kama Afghanistan, Iraki na Syria, wanazo. Sasa mchukue kijana aliyeingia jeshini 2018, akahudumu hapahapa Texas, hakupelekwa popote, hakuumia, akatoka 2022 na cheti cha heshima. Huyo pointi 5 hana. Na yule aliye kwenye Walinzi wa Taifa au jeshi la akiba, ambaye siku zake zote zilikuwa za mafunzo, naye kwa siku hizo hazipati. Naona watu wanajaza kwamba wanazo, ofisi inakagua, inakuta hazipo, na ombi linaharibika. Heri ujue ulichonacho ukitumie chote, kuliko kudai usichonacho.

Na kijana huyo wa 2018 asikate tamaa, kwa sababu alikuwa na milango mingine ambayo hatukumwonyesha.

Wa kwanza unaitwa VRA. Kwa mlango huu idara inaweza kukuajiri bila kukushindanisha na mtu, hadi daraja la GS-11, ukiwa na sifa za kazi. Wanaoruhusiwa kupita ni pamoja na wenye ulemavu wa utumishi, wenye medali za kampeni, na yeyote aliyetoka kwa heshima ndani ya miaka mitatu iliyopita. Narudia: miaka mitatu. Kijana anatoka jeshini, anapumzika, anakwenda nyumbani kuwaona wazazi, anaoa, anaanza kuendesha lori, na siku anayosikia habari za VRA miaka mitatu imeshapita. Ukiajiriwa kwa mlango huu na ukafanya kazi vizuri miaka miwili, unaingizwa kwenye ajira ya kudumu.

Jueni pia kwamba VRA ni ruhusa aliyopewa mwajiri, halazimishwi kuitumia. Kwa hiyo usikae nyumbani kusubiri tangazo. Rais Obama alitoa amri tarehe 9 Novemba 2009 iliyozitaka idara kubwa ziwe na watu maalumu wa kushughulikia ajira za maveterani. Mtafute mtu huyo katika idara unayoitaka. Mwandikie, mpigie, mtumie makaratasi yako, mwambie: mimi nina sifa za VRA, ninaomba kazi za aina fulani, katika mji fulani. Wenzetu wazaliwa wa hapa wanafanya hivyo bila kusita. Sisi tunaona ni usumbufu, tunaona ni kama kujipendekeza. Huo ndio utaratibu wenyewe.

Mlango wa pili ni wa mwenye ulemavu wa asilimia 30 au zaidi. Huyo anaweza kuajiriwa bila ushindani katika daraja lolote analolimudu, na saa ya miaka mitatu haimhusu. Mlango wa tatu unaitwa VEOA, wa sheria ya 1998. Aliyehudumu miaka mitatu au zaidi mfululizo akatoka kwa heshima anaruhusiwa kuomba hata zile kazi zinazotangazwa kwa ajili ya wafanyakazi walioko ndani ya serikali, idara inapopokea maombi ya watu wa nje yake. Humo hakuna kutangulizwa, mnashindana sawa, ila umeingia kwenye uwanja ambao raia wa kawaida haingii. Kijana wetu wa 2018, aliyekaa miaka minne, mlango huu bado ni wake hata leo.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo la ulemavu, na hasa naongea na wanaume. Kwetu mtu anatoka jeshini na goti linalolia kila akipanda ngazi, sikio moja halisikii vizuri, usiku hapati usingizi, halafu akiulizwa anasema, "Niko sawa, namshukuru Mungu." Hataki kuandikwa mlemavu, anaogopa watu watamwonaje kanisani au msikitini, na mkewe naye anamwambia asijitakie mikosi. Ndugu yangu, unapoijaza ile fomu ya VA, idara ya serikali ya maveterani, hakuna anayekuita kiwete. Unaieleza serikali kwamba mwili niliokukabidhi mzima umenirudishia hivi. Asilimia utakayopangiwa ndiyo inayoamua uingie kwa mlango upi. Mwenye asilimia 10 na asiye na kitu wanaweza kuwa wametumikia kikosi kimoja, wakabebana kwa mabega yao wenyewe, lakini kwenye orodha ya waombaji mmoja yuko juu na mwingine yuko chini.

Na madai hayo unaweza kuyafungua kabla hujatoka, kati ya siku 180 na siku 90 kabla ya tarehe yako ya kuondoka. Msaada wa kuyaandika ni bure. Kaunti za Texas zina maofisa wa maveterani, na vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion vina watu walioidhinishwa kwa kazi hiyo. Atakayekuomba sehemu ya fidia yako ili akujazie fomu, mkimbie.

Sasa uraia. Kazi nyingi za serikali ya shirikisho zinataka raia wa Marekani, hivyo ndivyo ilivyo tangu amri ya Rais Ford ya 1976. Grini kadi ilikuruhusu kuvaa sare, ila kwa kazi nyingi za ofisini haitakutosha. Wengi wenu mliingia kwa mpango wa MAVNI wa kuandikisha wageni wenye ujuzi uliohitajika jeshini, ule ulioanza mwishoni mwa 2008 ukasimamishwa 2016, ambao Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizokuwa zinatafutwa. Nyinyi mlikula kiapo mapema, wengine mkiwa bado kwenye mafunzo ya awali. Lakini wapo walioingia na grini kadi, wakatumikia mkataba mzima, wakatoka bila kuomba uraia kwa sababu walikuwa na shughuli nyingi. Wapo humu, nimeongea na wawili kabla sijapanda hapa. Kwa amri ya Rais Bush ya Julai 2002, kipindi tangu tarehe 11 Septemba 2001 kinahesabiwa ni cha uhasama, na aliyehudumu kwa heshima ndani yake anaweza kuomba uraia bila kusubiri ile miaka mitano, na bila kulipa ada ya maombi. Kutoka jeshini hakukufungii njia hiyo. Kama ni wewe, anza na hilo kabla ya yote niliyosema.

Na uraia unanipeleka kwenye majina. Sisi tuna majina matatu, manne. Mtu pasi yake ya nyumbani inasomeka jina la kwanza, la baba na la babu. Jeshini wakaandika la babu kuwa la familia, la baba likawa la katikati. Alipokula kiapo cha uraia akabadilisha, akaondoa moja. Akaolewa, akaongeza lingine. Halafu anaomba kazi kwa jina la leo na kuambatisha hati ya jina la jana. Anayepitia faili lako hakujui. Akikuta karatasi mbili za watu wanaoonekana wawili, hawezi kukisia. Weka cheti cha uraia, weka hati ya ndoa au ya kubadili jina, viambatane na ombi tangu siku ya kwanza.

Hati ninayoisema ni DD-214, ile unayopewa unapotoka jeshini, na nimekuja na yangu ili muione. Wazee wa mbele mtaona, wa nyuma nitawapitishia. Juu kabisa, kisanduku cha 1, ni jina. Kisanduku cha 11 ni kazi uliyosomea jeshini. Cha 12 ni tarehe za kuingia na kutoka, na humo ndimo wanamohesabia siku zako. Cha 13 ni medali. Medali isiyoonekana hapo wewe unaikumbuka, mwajiri haijui, na kama ilisahaulika omba marekebisho, utapewa fomu DD-215. Cha 24 kinasema ulitoka kwa namna gani. Kuna nakala fupi isiyo na kisanduku hicho cha 24. Watu wetu wengi wanaambatisha hiyo fupi, na ofisi haina njia ya kujua kama ulitoka kwa heshima. Inayotakiwa ni nakala iliyoandikwa pembeni kwa chini Member-4. Anayedai pointi 10 aongeze fomu SF-15 na barua ya VA inayotaja asilimia. Na ambaye bado yuko jeshini anaweza kuomba kazi kabla ya kutoka, kwa barua ya kikosi inayothibitisha kwamba ataondoka kwa heshima ndani ya siku 120.

Kisha kuna wasifu wa kazi, na hapa malezi yetu mazuri yanatuponza. Tulifundishwa kwamba kizuri chajiuza. Tulifundishwa mtu hajisifu, anasifiwa na wenzake. Kwenye maombi ya serikali ya Marekani ambacho hukuandika hakikutokea. Kijana mmoja aliniletea wasifu wake, askari wa ugavi kama mimi. Kazi yake ya miaka mitano aliiandika mstari mmoja: "Nilifanya kazi stoo." Nikamkalisha, nikaanza kumhoji. Ulikuwa unapokea vifaa? Ndiyo. Nani alisaini? Mimi. Vya kikosi kizima? Ndiyo. Magari? Ndiyo, na redio, na miwani ya usiku. Ulishawahi kupoteza kitu? Hapana, ukaguzi wote tulipita. Nani alikuwa chini yako? Askari wanne, niliwafundisha mimi kutumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za vifaa. Nani alikuwa anaandaa ripoti ya kamanda? Mimi, kila mwezi. Nikamwambia, mwanangu, hayo yote uliyoyasema sasa hivi ndiyo tangazo la kazi linayoyatafuta: kusimamia mali ya serikali, kufundisha, kuandaa ripoti, kupita ukaguzi. Tukayaandika kwa maneno ya kiraia, bila vifupisho vya jeshini ambavyo karani wa ajira havielewi.

Sikumwongezea hata neno moja la uongo. Yote alikuwa ameyafanya.

Zamani tuliwaambia watu waandike kurasa nne au tano. Tangu 2025 kikomo ni kurasa mbili, kwa hiyo kila mstari uwe na kazi. Soma tangazo hadi mwisho, angalia wanachokiita uzoefu maalumu, na uonyeshe ni wapi na lini uliufanya, kwa mwezi na mwaka. Na matangazo yako USAJOBS, tovuti ya ajira za serikali ya shirikisho, ambako kujiandikisha na kuomba ni bure.

Sitawaficha kwamba tuko katika wakati mgumu. Januari 2025 serikali ya shirikisho ilisimamisha kuajiri isipokuwa kwa maeneo machache, na mwaka huo watu wengi waliachishwa, wakiwamo maveterani waliokuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Wengine ni rafiki zangu. Kwa hiyo msiegemee upande mmoja. Majimbo, kaunti na miji yana sheria zake. Hapa Texas sheria inazitaka idara za jimbo ziwe na lengo la kufikisha angalau asilimia 20 ya wafanyakazi wao wawe maveterani. Nyingi ya kazi hizo hazidai uraia, kibali cha kufanya kazi kinatosha. Posta nayo inafuata upendeleo wa maveterani. Barabara, maji, shule, hospitali za kaunti, hizo zote ni kazi za serikali, zina bima na zina pensheni.

Neno fupi kwa atakayepata kazi ya shirikisho: miaka yako ya jeshi unaweza kuilipia ikahesabiwa kwenye pensheni ya kiraia. Kwa wengi ni asilimia 3 ya mshahara wa msingi uliopokea jeshini, na ukilipa mapema hakuna riba. Ulizia wiki ya kwanza kazini, usingoje uzeeni.

Na mama zetu, wajane, na wake na waume wa walioumia, nanyi msikilize. Mume au mke wa veterani ambaye ulemavu wake unamzuia kufanya kazi aliyoizoea, mjane ambaye hajaolewa tena, na hata mama wa askari aliyefia kazini, wanaweza kutumia haki ya pointi 10 kwa niaba yake, kwa masharti yaliyoandikwa kwenye ile SF-15. Mimi nimewahi kumwona mama wa kwetu mwenye haki hii akifagia ofisi ya jengo ambalo angeweza kuomba kazi ya karani ndani yake, na kusoma kasoma. Hakuna aliyempa habari. Tafadhali, mnaporudi majumbani mwenu, pigeni simu.

Kwenye ile meza ya kulia zipo kompyuta na printa, na wenzangu watatu wanaoijua kazi hii wako pale mpaka ukumbi ufungwe. Mwenye DD-214 aje nayo, asiye nayo tutaiomba pamoja mtandaoni, haina malipo. Wenye suala la uraia mkae upande wa dirishani, mtahudumiwa peke yenu. Lakini kabla ya wote naomba waliotoka jeshini miaka miwili na zaidi iliyopita na mitatu haijatimia, kwa sababu muda wao wa VRA unaelekea ukingoni. Nyosheni mikono niwaone. Haya, nyinyi tangulieni mezani.